Bega Chini ya Jeneza la Babu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyoinua picha ya eksirei kwenye dirisha la hospitali nikaona skrubu ndani ya bega langu. Nilikuwa nimeanguka na baiskeli kwenye mteremko wa Mbololo, mfupa wa mtulinga ukaachana na bega, ukasimama juu kama kifundo. Kumbe mtu naye hufungwa skrubu kama kitanda! Nikauliza maswali mpaka daktari akacheka.

"Hiyo inashika mfupa mpaka nyama za ndani zijiunge," akasema. "Usiinue mkono, usibebe kitu. Baada ya miezi miwili urudi tuitoe."

Mwezi haukuisha, maumivu yakaniacha. Udadisi ukaniponza: kila asubuhi nikawa nauinua mkono kidogo zaidi, nione utafika wapi. Ulipofika juu, kitambaa cha kuuning'iniza nikakitupa.

Kisha babu akafariki. Unajua kwetu mlimani gari haifiki, jeneza hupanda kwa mabega ya wajukuu. Binamu zangu wakanisihi nikae kando. Nikae, watu waseme nini? Nikaliingiza bega lile lile, nikitaka pia kujua kama litastahimili. Kwenye kona ya pili, tak! Jeneza likayumba, nusura babu aanguke. Aibu niliyoikimbia ikanipata mbele ya kijiji kizima.

Nyanya alinikuta kwenye jiwe nikilia.

"We Mwakio, mlima huu babu yako alikuwa akipumzika mara nne. Nani alikwambia angekasirika ukimwachia mwenzako zamu?"

Skrubu ilikuwa imekatika. Nikapasuliwa tena, na kidonda kikaanza kutoa usaha. Safari hii, mficha uchi hazai, nilirudi hospitali siku hiyo hiyo, wakakisafisha, dawa nikazimaliza zote. Mkono ulirudi, ila si wote. Hadi leo kofia naivaa kwa mkono wa kushoto.

Sasa wewe umeanguka na bodaboda, ukaumia mfupa wa bega, ukashonwa, na jana nimekuona nyuma ya jiko ukiujaribu mkono. Naijua hiyo hamu, na siichukii. Mpelekee daktari, umuulize mpaka achoke, lakini bega usilijaribu kwa mzigo. Uliyoambiwa yafuate hata maumivu yakiisha, na likitokea jipya, usilifiche.

Na siku yangu ikifika kabla hujapona, jeneza langu usiliguse. Tembea kando ukiimba, nitajua upo. Mungu akuunge mfupa, mwanangu, na asikunyime watu wa kukupokea mzigo.