Petroli Iliyoliwa na Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini Sumbawanga nilipewa koti kabla ya kupewa gari. Nilikuwa nimeteremka kwenye lori la mbolea kutoka Mbeya, na kwa kuwa nimezaliwa Tukuyu, kwenye mvua na ukungu, nilijiona mtu aliyeshazoea baridi. Fundi Mkuu wa karakana ya serikali, mzee mrefu mwenye ndevu za mvi, alinitazama nilivyosimama na shati langu jipya la mikono mifupi, akacheka.

"Baridi ya kwenu ina mvua," alisema. "Ya huku Ufipa ni upepo mtupu. Vaa hili, ndugu, usije ukaniletea kifua kabla hujashika usukani."

Koti lilinuka oili na lilinifika magotini. Nililivaa miaka mingi. Ninyi madereva wa leo mnaowasha gari kwa kubonyeza kitufe huku mnaongea na simu hamtanielewa, lakini zamani zile dereva alikuwa nusu fundi. Asubuhi unafungua boneti, unapima oili kwa kile kijiti chake, unaangalia maji kwenye rejeta, unagonga tairi kwa kisigino kusikia kama zimepungua upepo. Halafu unaingia na kuvuta choki. Choki ni kitufe kilichokuwa pale karibu na usukani; ukikivuta kinabana hewa isiingie kwa wingi kwenye kabureta, ili injini ya baridi inywe petroli nyingi na kuwaka. Injini ikipata moto unakirudisha. Ukikisahau, gari linatoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka malishoni.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kwa Bwana Mifugo. Huyo alikuwa mtu wa safari. Leo tunashuka bonde la Rukwa kuchanja ng'ombe, wiki nyingine tuko Kirando kwenye dagaa walioanikwa mchangani mpaka nguo zetu zote zinanuka ziwa. Nilipenda kazi ile. Nilikuwa mgeni, Kifipa sikijui, kanisa la kwetu halikuwa na waumini wa kujaza benchi mbili, lakini dereva aliye njiani hana nafasi ya kujihurumia. Na tena nilikuwa na jambo langu la kuniweka hai. Nyumbani Tukuyu nilikuwa nimemposa msichana anaitwa Tusajigwe. Baba yake alikuwa ameshapokea ng'ombe wa kwanza, na neno lake lilikuwa fupi: nikishakuwa na chumba na kazi inayoeleweka, nije nimchukue. Chumba nilikuwa nimeshapanga mtaa wa Kizwite, pale pale Sumbawanga. Nilikuwa nimenunua hata sufuria mbili na kuzitundika ukutani, nikawa nazitazama jioni.

Kisha nikahamishiwa mjini, kwa Bwana Mipango. Gari nililopewa lilikuwa Landrova iliyokuwa ikiendeshwa na Kapele, dereva mwenzangu mwenyeji wa Mwazye, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Yeye alipewa lori. Alinikabidhi ile Landrova kwa kuipiga kofi ubavuni. "Hii haichemki hata ukipanda nayo kutoka bondeni imejaa magunia," aliniambia. "Mimi nimeifundisha adabu."

Kazi ya mjini ilikuwa ya kukatika-katika. Namchukua Bwana Mipango nyumbani, nampeleka Bomani. Nangoja. Anakwenda hospitali kukagua jengo, narudi naye ofisini. Nangoja tena. Mchana chakula, alasiri mkutano wa chama, jioni nyumbani. Gari halivuki vilima vya mji. Na hapo ikaingia Juni, baridi ya nchi ile ikaanza kwa nguvu, asubuhi majani yamekuwa meupe kwa umande ulioganda, na upepo unapita katikati ya vifungo vya koti.

Petroli ikaanza kupungua kwa kasi ambayo hata mimi ilinitisha.

Msisahau ilikuwa miaka gani ile. Mafuta yalikuwa ya shida nchi nzima. Gari la serikali lilijaziwa kwa kibali, na petroli iliyouzwa kwenye chupa uchochoroni ilikuwa na bei ya dawa. Mtu akisikia dereva anamaliza tangi bila kutoka mjini, hahitaji kuambiwa la pili. Ofisa Usafirishaji aliniita. Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikuwa amebanwa kutoka juu kama sisi sote.

"Ndugu Ambakisye," alisema, "Kapele alikuwa anakwenda na gari hili mpaka Kirando na kurudi. Wewe unakwenda Bomani na hospitali. Niambie mafuta yanakwenda wapi."

"Bwana Mkubwa, hata mimi sijui. Labda tangi linavuja."

"Tangi limeangaliwa. Halivuji."

"Basi sijui."

Alichezea kalamu yake. Aliponiita tena wiki iliyofuata hakusema Ndugu. Alisema, "Wewe, acha funguo hapa." Nikaondolewa kwenye gari nikasubiri uchunguzi, na likizo niliyokuwa nimeiomba ya kwenda kumchukua Tusajigwe ikasimamishwa.

Nimefiwa maishani mwangu, nimeugua, nimelala porini na gari lililovunjika ekseli. Sijapata kuwa mpweke kama mwezi ule, nikiwa katikati ya watu. Kila siku nilikwenda karakana kama kawaida na kukaa kwenye benchi la ukutani. Sisi madereva tulikuwa na chai yetu ya saa nne: birika moja, kila mmoja anachangia sukari akipata, wote tunazunguka jiko la mkaa kwa sababu ya ile baridi. Hakuna aliyenifukuza. Ila nilipokaribia, mazungumzo yaliisha, mmoja akakumbuka kukaza nati fulani, mwingine akaenda kuchukua kitu kwenye lori, mwisho nikabaki mimi na birika. Siku ya tatu niliacha kwenda kwenye chai. Kapele alinipa kikombe mara moja, akakiweka kwenye benchi pembeni yangu bila kukaa. Nilikunywa. Ilikuwa imeshapoa.

Jioni nilirudi Kizwite, nikapika ugali wa mtu mmoja, nikalala na koti. Nilianza kuongea peke yangu, na naona aibu kusema, nilijiuliza kama kweli sikuiba. Mtu akitazamwa kama mwizi na watu kumi wanaomfahamu, huanza kujipekua mifukoni.

Lililoniuma zaidi ni jirani yetu mmoja wa Tukuyu aliyekuwa anakuja kununua dagaa. Alilala mjini siku mbili, akasikia, akaja kunitazama pale kwenye benchi.

"Ni kweli wanayosema?" aliniuliza kwa Kinyakyusa.

"Si kweli."

"Haya," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeagana na mgonjwa. Akapanda lori na magunia yake. Nilijua kabisa kwamba habari yangu itafika nyumbani kabla dagaa hawajashushwa. Nilimwandikia Tusajigwe barua mbili. Barua zilichukua muda wake siku zile, na za mtuhumiwa husomwa na watu wenye mashaka.

Aliyeniokoa ni Fundi Mkuu, naye hakufanya hivyo kwa kunihurumia. Alisomea kazi yake, akaifanya mpaka akawa na mvi, na alichukia kusikia jambo la injini likisemwa kama jambo la polisi. Asubuhi moja yenye baridi kali alichukua funguo kwa Ofisa Usafirishaji akaniambia, "Panda. Endesha kama unavyomwendesha Bwana Mipango. Usinionyeshe ufundi."

Tukatoka. Nilivuta choki, tukaenda Bomani, nikazima. Tukangoja. Tukaenda hospitali, nikazima. Kila mara nikiwasha ilibidi nivute choki tena, na nikiirudisha gari linakohoa na kutaka kuzimika, kwa hiyo naiacha imevutwa nusu, kama nilivyokuwa nikifanya siku zote. Yeye alikuwa anatazama geji ya joto. Sindano ilikuwa imelala chini kabisa.

"Huwa inapanda?" aliuliza.

"Mjini haipandi."

"Na wewe hukushangaa?"

"Nilidhani geji imekufa, Fundi."

Tulipofika sokoni aliniambia nisimame, nisizime. Alifungua boneti, akashika bomba la mpira linalotoka juu ya injini kwenda kwenye rejeta. Akashika injini. Akashika bomba tena. Kisha akasema neno moja la Kifipa ambalo sitaliandika.

Nitawaeleza alichokikuta, maana magari yenu bado yana kitu hicho hata kama hamjakiona. Ndani ya mdomo wa bomba lile hukaa kidude cha shaba kinachoitwa themostati. Kazi yake ni ya bawabu. Injini ikiwa baridi, kinafunga mlango ili maji yasiende kwenye rejeta kupoozwa, injini ipate moto upesi. Maji yakipata moto, kinafungua. Kwa hiyo asubuhi bomba la juu lapaswa kubaki baridi wakati injini inapata joto. La kwetu lilianza kupata uvuguvugu pamoja na injini, maana yake maji yalikuwa yanazunguka ovyo tangu mwanzo, na upepo wa Ufipa unayapooza.

Tulirudi karakana, akafungua. Mahali pa themostati palikuwa patupu.

"Kapele!" aliita.

Kapele akaja akifuta mikono. Wala hakuona haya. "Nilitoa, Fundi. Wote tunaoshuka bondeni tunatoa. Usipotoa, ukipanda ule mlima linachemka mpaka unakosa maji ya kunywa wewe mwenyewe."

Na alisema kweli. Ilikuwa desturi ya madereva wa kule, wamerithishana. Gari la safari, likipanda kutoka bonde la joto na mzigo, lilinusurika hivyo. Hakuna aliyekaa akafikiria gari lilelile likija kuzunguka mjini Juni kwa vipande vya nusu maili litakuwaje. Injini haipati moto hata siku moja. Choki haipumziki. Petroli inaingia nyingi, haiungui yote, nyingine inatoka na moshi. Oili nayo kwa baridi inakuwa nzito, injini inatumia nguvu kuizungusha tu. Ongeza tairi zinazolegea hewa ya ndani inapopoa, na bosi anayetaka gari lingurume mlangoni wakati anamalizia chai. Hakuna aliyeiba. Mafuta yalikuwa yanaunguzwa kupasha baridi ya Sumbawanga.

Fundi Mkuu alichomoa themostati kwenye gari bovu lililokuwa uani, akaichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la chai ya madereva kuona kama inafunguka, akaifunga. Akakata gunia na kulifunga mbele ya rejeta kuzuia upepo. Baada ya wiki tangi lilikuwa linafika mwisho wa wiki na kubakiza. Ofisa Usafirishaji alinikabidhi funguo mbele ya wenzangu. "Ndugu Ambakisye, shika. Bwana Mipango anakungoja." Basi. Saa nne nikaitwa kwenye chai kama vile nilikuwa safarini tu, wakanitania kwamba nimekonda. Kapele aliniwekea sukari mara mbili. Nilicheka nao, maana ningefanya nini, lakini moyo wangu ulibaki kwenye lile benchi.

Likizo ilitoka Agosti. Nilifika Tukuyu na kitambaa cha kitenge kwenye mfuko. Mama alinipokea mzigo, akaniambia niketi kwanza. Tusajigwe alikuwa ameolewa Kyela. Baba yake alirudisha ng'ombe, ndiye aliyekuwa amefungwa pale uani kwetu, na sikuwa nimemwona wakati naingia. Nililala siku mbili, nikarudi kazini kabla likizo haijaisha.

Niliendelea. Nilikaa Namanyere na Bwana Elimu, nikaenda Mpanda na mtu wa barabara, nikarudi Sumbawanga kumwendesha Mkuu wa Idara aliyekuwa akilala kila tulipotoka lami. Nilioa nikiwa mtu mzima, mwanamke mwema wa Mwazye, tukaishi vizuri muda tuliopewa. Ametangulia. Watoto wako mbali na wanapiga simu Jumapili. Nilistaafu bila ajali ya kuua mtu, na katika kazi yetu hilo ni jambo la kushukuru. Vijana wa hapa Kizwite wananijia Juni. "Shikamoo mzee, gari inakula mafuta, tatizo nini?" Nawauliza inapata moto baada ya muda gani, wanatembea umbali gani, wanaiacha ikinguruma kwa muda gani. Huwa nawaomba pia, kabla hawajamsema msaidizi wao wa kuosha gari, wafungue boneti.

Mwaka juzi nilikwenda Tukuyu kumzika kaka yangu. Siku ya pili ya matanga mwanamke mzee alikuja akaketi karibu yangu kwenye mkeka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama tunavyopeana pole kwetu. Ilinichukua muda kumtambua Tusajigwe. Tuliongea habari za wajukuu. Kisha akashusha sauti.

"Nikuulize kitu, baba. Yale mafuta. Uliiba?"

Ndipo nikajua kwamba barua zangu zote mbili baba yake hakumpa. "Sikuiba," nilisema, nikamweleza yote, injini, maji, baridi, Kapele. Alisikiliza kwa makini kuliko bosi yeyote niliyewahi kumweleza.

"Kumbe," alisema.

"Ulidhani niliiba?"

"Nilijua umeiba. Kila mtu alisema." Alitazama watu waliokuwa wakigawa chakula. "Nilimwambia baba, hata kama ameiba, nitakwenda hukohuko. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu. Akanifungia ndani."

Wakatuletea sahani. Alininawisha mikono, akaosha ya kwake, tukala.