Kiti cha Mbele cha Xaveria

Jovitus aliendesha Hiace kati ya Rubwera na Kayanga mpaka mgongo ukakataa. Siku aliyoliegesha gari nyumbani Kamuli, watu walijua ataliuza. Wapi! Alichukua spana, akang'oa viti vyote vya nyuma, akaacha vya mbele tu, akaingiza godoro, jiko la mkaa, sufuria na ndoo ya maji. Dirishani akafunga kitenge kiwe pazia.

"Sasa hili ni gari au chumba?" mkewe Xaveria aliuliza, mikono kiunoni.

"Vyote, Mama Evangelina. Tunaenda kulala kilimani, kule Mto Kagera unapoonekana. Mimi na wewe, hakuna abiria."

"Tuna nyumba, Baba Evangelina. Ina mpaka kufuli."

Lakini alipanda. Akapandia nyuma, akakaa kwenye godoro na kapu lake la ebitoke, ndizi za kupika. Jovitus akakitazama kiti cha mbele, kitupu, akawasha gari.

Kulikuwa na jambo linamuuma. Mwaka juzi, mvua za Novemba kama hizi, alisimama pale Nyakahanga. Xaveria alikuwa katoka hospitali kumwona dada yake, kalowa chapachapa, mfuko wa nailoni kichwani. Gari limejaa, na kiti cha mbele Jovitus kamwekea bwana mmoja wa ofisini. Basi akamwambia mkewe mbele ya watu wote, "Mama, subiri gari la nyuma." Mama. Kama anavyomwambia mtu yeyote wa barabarani.

Xaveria hakugomba. Alifika nyumbani, akabadilisha nguo, akapika. Ila senene, wale panzi watamu, walipoanguka mwezi ule, hakumletea. Na huku kwetu mke humwokotea mumewe senene wa kwanza wa msimu, akamfungia kwenye jani la mgomba, na mume humjibu kwa nguo mpya. Jovitus alisubiri weee. Harufu ya senene ikawa inatoka kwa majirani, tena senene walewale aliowaokota Xaveria, kawagawa wote. Msimu uliofuata, vilevile. Ndani ya nyumba hakuna aliyelitaja.

Walipopita Rubwera, vijana wa bodaboda wakalijua gari.

"Mzee Jovitus, shikamoo! Nafasi ipo?"

"Marahaba. Limejaa."

"Limejaa nini na tunaona godoro? Au mnaenda fungate?"

Wakacheka mpaka pikipiki zikatikisika. Nyuma, Xaveria akajifunika uso na kanga, lakini Jovitus alimwona kwenye kioo: alikuwa anatabasamu.

Mbele kidogo mvua ikaanza. Mama mmoja mjamzito kasimama kando ya barabara na binti yake, kainua mkono. Jovitus akapunguza mwendo, halafu akaogopa, akataka kupita. Kama atambeba abiria leo, ile safari ya wawili iko wapi?

"We mwanaume, simama!" Xaveria akafoka. "Unamwacha mtu kwenye mvua tena?"

Hilo "tena" lilimchoma. Akasimama. Yule mama akaja mlango wa mbele, kama abiria wote, akaushika.

"Hapana, dada," Jovitus akasema. "Nyuma kuna godoro, mtajinyoosha vizuri. Hapa mbele pana mwenyewe." Akashuka kwenye mvua ileile, akazunguka, akamfungulia mkewe. "Xaveria. Njoo ukae."

Xaveria alimtazama hivyo, mzee wa watu, maji yanamchuruzika puani. Akahamia mbele. Baadaye, wakiwa wamewashusha wale wawili kwao, akanyoosha mkono, akamfuta Jovitus shingo kwa ncha ya kanga.

Kilimani walifika giza likianza. Jovitus akaacha taa zinawaka ili aone pa kuweka mawe nyuma ya tairi, na mlango kauacha wazi. Dereva wa miaka yote hiyo, mwezi wa senene, kilimani, anaacha taa! Senene wakafuata mwanga, wakaja kama wamemwagwa. Kwenye kioo, kwenye godoro, kwenye shati la Jovitus.

"Mama wee! Zima taa!" Xaveria akapiga kelele, halafu akageuza, "Usizime! Lete ndoo!" Akaokota huku anacheka mpaka anakaa chini. Jovitus hakuwa amesikia kicheko kile siku nyingi.

Asubuhi aliamshwa na harufu ya kitunguu na senene wa kukaanga. Chini ukungu umelala juu ya mto, na ng'ambo vilima vya Rwanda vinachungulia. Xaveria kapiga magoti mbele yake, kashika kifurushi cha jani la mgomba, cha moto.

"Pokea, mume wangu."

Jovitus akapokea kwa mikono miwili. Halafu akakumbuka nguo. Kabeba jiko, kabeba ndoo, nguo hakubeba, kwa sababu hakuthubutu kutegemea. Akageuka huku na huku, akafungua lile pazia dirishani, akampa.

Xaveria akalikunjua. "Baba Evangelina! Hiki si kitenge changu? Umekitoa kwenye sanduku langu!"

"Nilikosa pazia."

"Unanitunza kitenge changu mwenyewe!" Alicheka, akajifunga kiunoni hivyohivyo na mikunjo yake. "Tukirudi utasimama Rubwera, dukani. Nachagua mwenyewe."

"Nitasimama."

"Na ule basi, wanapoa."

Jovitus akala. Xaveria akaenda zake kukaa kiti cha mbele, mlango wazi, akawa anautazama mto.