Matairi ya Bahi

Kwa miaka mingi nilipika wali na kuupeleka mezani kwa watu waliokuwa wakimsema vibaya mume wangu. Waliniita shemeji. Wakishaletewa chakula, waligeukiana na kuendelea walipoishia: kwamba ubingwa wa mbio za magari ulitutoka Bahi kwa sababu msoma ramani alichagua matairi ya kijinga. Msoma ramani huyo ni mume wangu. Mara nyingi alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, anasikia kila neno.

Tulifika Dodoma pamoja, yeye dereva wa ofisi ya serikali, mimi mpiga chapa katika ofisi hiyohiyo. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa sabuni, redio na viatu, na wakati huohuo serikalini wakaanza kutupunguza. Mimi nilipunguzwa mapema. Nikafungua mgahawa mtaa wa Kikuyu, katika uwanja mmoja na baa ya jirani, na kwa kweli haukwenda vibaya, maana watu wa ofisini walikuwa wengi na wake zao wengi walikuwa bado Dar es Salaam.

Mjini kulikuwa na mfanyabiashara wa vipuri, bado kijana, mmoja wa watu wa kwanza pale kuleta magari yaliyotumika kutoka Dubai. Tulimwita Tajiri, naye alipenda kuitwa hivyo. Alinunua gari la mashindano, akatafuta mtu wa kukaa kiti cha kushoto na kumsomea kona kwenye ramani. Mume wangu alizijua barabara za vumbi za kanda nzima kwa sababu ya safari za kikazi, na hakuwa mwoga. Basi wakawa wawili. Siku za mapumziko walikuwa hawashikiki. Nilimwona mume wangu akirudi nyumbani mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka soksi, anacheka peke yake bafuni. Sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile kabla ya hapo, na sijaiona tena.

Mwaka wao mzuri ulifika. Shindano la mwisho la msimu lilifanyika nyumbani, Dodoma, na ubingwa wa taifa ulikuwa kati yao na dereva mmoja wa Dar es Salaam. Atakayemaliza mbele ya mwenzake ndiye bingwa. Mji mzima ulilizungumza jambo hilo. Walimu, makarani, wauza mitumba, hata watu ambao hawajawahi kugusa usukani, wote walikuwa na la kusema juu ya gia na breki.

Asubuhi ile nilikuwa Kigwe, mahali magari yaliposimama kufanyiwa matengenezo kabla ya kuteremka kwenye mbuga ya Bahi. Nilikuwa nimewapelekea chai na maandazi. Nilisimama karibu nao, ningeweza kumgusa Tajiri begani. Pale Kigwe ardhi ilikuwa kavu, jua kali, lakini upande wa Bahi mbingu ilikuwa nyeusi.

Mume wangu alisema, "Tuweke ya matope, yale yenye kashata kubwa za kung'ata udongo."

"Ya matope yatatupunguzia mwendo," Tajiri akajibu. "Huoni kulivyo kukavu?"

"Hapa kukavu. Tazama kule mbele."

"Wingu hilo litapita. Nikienda na ya matope, yule wa Dar ananiacha kabla sijafika huko kwenye mvua."

"Ukienda na haya, kule mbugani hutasimama wala hutageuka. Ule udongo unaujua."

Tajiri alicheka, akampiga mume wangu mgongoni. "Wewe soma kona. Matairi niachie mimi mwenye gari."

Mume wangu hakubishana zaidi. Alivaa kofia yake ngumu, akaingia. Nami nilibaki na chupa ya chai mkononi.

Mvua haikupita. Kwenye mashamba ya mpunga gari liliacha barabara kama limesukumwa na mtu, likazama mpaka milangoni. Wakulima walilitoa kwa kamba na mabega, lakini muda ulikuwa umeshakwenda, na yule wa Dar es Salaam, aliyekuwa kwenye matairi ya matope, akawapita. Hata hivyo matumaini yalikuwepo. Gari la mpinzani lilikuwa linakataa gia, kila mtu alilisikia, na hatua ya mwisho ya mbio ilikuwa ndefu. Kisha waandaaji wakatangaza kwamba mto umejaa na hatua ya mwisho imefutwa. Yalichukuliwa matokeo ya pale yalipofikia. Dereva wa Dar es Salaam akawa bingwa wa taifa, amesimama kwenye tope na gari ambalo halikuweza kupanda hata kilima.

Mwaka wa kwanza, kelele zote pale mgahawani zilikuwa juu ya waandaaji. "Tumeibiwa!" Mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji mkubwa wa meza ile, alisema alivuka mto ule kwa baiskeli jioni yake. Sijui kama ni kweli. Karani mmoja wa Bunge, aliyekaa naye daima, alisema watu wa Dar wamezoea kubebwa. Tulikubaliana wote. Mume wangu alikaa nao, wakamnunulia soda, wakamtaka asimulie tena jinsi walivyozama.

Mambo yaligeuka polepole, na najua yalipogeukia. Tajiri alichaguliwa kuingia kwenye kamati ya chama cha mbio za magari, kamati ileile iliyofuta hatua ya mwisho. Akaanza kusafiri nao, kula nao, kuwapa magari ya kuongozea misafara. Hakuna aliyetaka tena kusema mbele yake kwamba kamati iliiba. Lakini ubingwa ulikuwa umepotea, na ilibidi upotezwe na mtu. Siku moja nikamsikia mwalimu akisema, kwa sauti ya mtu anayewaza tu, "Ila na yale matairi jamani. Nani alichagua yale matairi?"

"Kazi ya kujua njia ni ya msoma ramani," akajibu karani.

Basi ikawa hivyo. Haikuchukua muda ikawa habari inayojulikana na kila mtu, kama inavyojulikana kwamba Dodoma kuna vumbi. Mume wangu aliwaeleza ukweli mara moja tu, kwa upole. Walimsikiliza, wakatikisa vichwa, na alipoondoka karani akasema, "Sasa yeye utegemee aseme nini?" Baada ya hapo aliacha kukaa mezani. Alikuwa anaingilia mlango wa nyuma na kula jikoni, akiwa amesimama.

Nilimwambia amfuate Tajiri, amwombe aseme neno moja tu mbele za watu. Alikwenda. Aliporudi nikamuuliza amejibiwa nini.

"Amesema ni maneno ya vijiweni, niyapuuze."

"Na atawaambia?"

"Amesema yataisha yenyewe."

Hayakuisha. Mwenye baa akanunua televisheni na dishi kubwa, na Jumapili wakawa wanatazama mbio za Ulaya kutoka kwenye viti vyangu. Jumapili moja mvua ilinyesha huko kwenye mbio. Madereva wengine wote waliingia kubadili matairi, lakini dereva mmoja aliyekuwa anaongoza akakataa, akaendelea na ya kavu. Tulimwona akiyumba, akizunguka, akiishia kwenye mchanga. Meza nzima ilisimama. Siku hiyo Tajiri mwenyewe alikuwepo, amekaa katikati yao.

"Mpumbavu!" akapiga kelele mwalimu. "Ameutupa ubingwa!"

Karani akajaribu kumtetea. "Labda ni watu wa timu yake waliomwambia kwa redio abaki na ya kavu."

"Aa, wapi! Anayeshika usukani ndiye anayeamua. Wengine wanashauri tu. Huyo hana wa kumlaumu."

Wakakubaliana. Hata Tajiri aliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimebeba sahani za wali. Nikaziweka mezani, nikasema, "Na Bahi nani alishika usukani?"

Nikamtazama Tajiri. "Nilikuwepo Kigwe, shemeji. Nilikusikia. Waambie nani alisema aachiwe matairi."

Sura yake haikubadilika hata kidogo. Kisha akawageukia wenzake, akatabasamu kama mtu anayewaombea radhi kwa ajili yangu, akasema, "Wanawake wakimpenda mtu, tabu tupu." Wakacheka. Walicheka kwa nguvu, kwa raha, kama watu walioteremshiwa mzigo. Mwalimu akaniambia, "Shemeji, haya mambo ya matairi ni marefu. Tuletee pilipili."

Nikawaletea pilipili. Ningefanya nini? Mgahawa ulikuwa ndio unaotulisha, maana mume wangu naye alikuwa ameshapunguzwa.

Jikoni nilimkuta amekaa kwenye gunia la mkaa. "Usirudie," akaniambia. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. Nilitaka akasirike. Nilitaka aende akaipindue meza ile, mchuzi uwamwagikie. Badala yake aliinuka, akaanza kuchambua mchele ambao nilikuwa nimeshauchambua.

Aliishi hivyo miaka. Alipata kazi ya kuendesha lori la mafuta ya alizeti kwenda Singida, akawa haongei habari za mbio kabisa. Gari la mashindano likipita barabarani aligeuza uso. Vijana waliokuja baadaye, ambao wakati wa Bahi walikuwa wananyonya, nao waliisimulia habari ile mezani pangu, na walimtaja mume wangu kama mfano wa mtu asiyejua kusoma mbingu.

Kisha Tajiri akaugua figo na akafariki. Chama kilitaka mazishi makubwa, na wakaja kumwomba mume wangu atoe salamu, kwa kuwa ndiye aliyekaa naye garini. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimpigia pasi suti yake mimi mwenyewe. Niliwaza: leo ukweli utasemwa, tena mbele ya kamati nzima, mwalimu na karani wakiwa wameketi.

Alisimama karibu na jeneza. Alisema marehemu alikuwa dereva hodari na rafiki. Alisema kuhusu vumbi, na jinsi walivyokuwa wakiimba ndani ya gari wakiwa na hofu. Kisha akasema, "Na lile la Bahi, ambalo mmelizungumza siku nyingi, naomba lizikwe leo. Matairi nilichagua mimi."

Uwanja mzima uliguna kwa upole. Mjane alilia. Mwalimu alikwenda kumkumbatia.

Tulitembea kurudi nyumbani. Nilijizuia mpaka tulipofika kwenye nyumba za mwisho, watu wamepungua.

"Kwa nini, baba watoto?"

"Watoto wake walikuwa wamekaa pale mbele."

"Na wa kwako? Wa kwako wanaambiwa nini shuleni?"

"Nimechoka kula nimesimama," akasema.

Nikamwambia kwamba mimi nilikuwepo Kigwe, nilisikia kwa masikio yangu, na kwamba kwa kusema vile amenifanya mimi mwongo mbele ya watu wote wale waliowahi kunicheka. Alisema anajua. Alisema hivyo tu, "Najua," na akaendelea kutembea, na nikaona kwamba hatua zake zilikuwa nyepesi.

Jumapili iliyofuata aliingia mgahawani kwa mlango wa mbele. Walimpigia makofi. Walimvutia kiti, karani akamwita muungwana, wakamwagizia soda baridi. Kwenye televisheni mbio zilikuwa zinaanza, na baada ya muda nikamsikia akibishana nao juu ya breki, sauti yake imepanda, imechangamka. Alicheka. Nilisimama mlangoni na sinia, nikamtazama mume wangu akiwa miongoni mwa watu wale kana kwamba hawakuwahi kumfanya lolote, na nikajua kwamba habari ya Kigwe imebaki kwangu peke yangu.

Alinigeukia akaita, "Mbona huji kukaa nasi?"

Nikamwambia nina sufuria motoni. Sikuwa na kitu chochote motoni.