Mlolongo wa Mheshimiwa Wetu

Ijumaa iliyopita hapa Doha nilishuhudia uchaguzi uliokwisha kabla sijamaliza chai yangu. Tulikuwa mtaa wa Abu Hamour baada ya ibada, maana huku kanisa ni Ijumaa, akina mama Wakenya wanachagua mwenyekiti wa kikundi chao. Binti yangu, nesi hapa, aliyenileta nimlelee mtoto, alikuwa anagombea. Nikainuka nikasimama nyuma yake. Wenzangu wote wameketi, wameinamia simu.

"Mama, keti basi, watu wanapiga kura kwa simu," akaninong'oneza.

"Wapi? Mbona hakuna aliyesimama?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga soda. Binti yangu alishinda, na sishangai, huyo nilimzaa mimi. Ila tangu siku hiyo situlii. Natoka jikoni naenda dirishani, narudi jikoni, kiyoyozi kinaguruma, mjukuu ananiambia, "Kukhu, si ukae tu!" Nitakaaje, ndugu yangu, na akili imerudi Bungoma kwenye uwanja wa shule, nikiwa msichana wa darasa la tano?

Kwetu tulikuwa na mbunge ambaye hutamsikia popote. Hakuna barabara yenye jina lake, wala shule. Alikuwa mwalimu wetu kabla ya kwenda bungeni, na hata alipokuwa Mheshimiwa alikuja sokoni kwa baiskeli. Hakujua kukaa, huyo. Chai aliinywa amesimama, andazi mkononi, akisikiliza mambo ya watu: mpaka wa shamba, karo, mgonjwa aliyebebwa kwa machela hadi mtoni wakakuta maji yamejaa. Mandazi hayo aliyakaanga mama yangu. Alikuwa na kibanda chini ya mabati ya soko, na ile harufu ya iliki na mafuta ya moto ndiyo iliyotulisha, ikatuvalisha, ikatupeleka shule.

Huko bungeni, sisi tulisikia habari yake mara moja tu. Jirani mwenye redio aliitoa nje akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, nasi tukakaa chini tukichambua mboga ya mrenda. Mtangazaji akasema mbunge wetu ameuliza kama Waziri anajua kwamba wanawake wa upande wetu wanazalia ukingoni mwa mto kwa kukosa daraja. Basi, habari ikahamia kwingine. Nyanya yangu alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. "Ametutaja!" Na daraja likaja kweli, la mbao na nyaya, linayumba kama mlevi, lakini unavuka.

Ukafika uchaguzi mwingine. Siku hizo kwetu hakukuwa na karatasi wala sanduku. Mnajipanga nyuma ya picha ya mtu wenu, mchana kweupe, mnahesabiwa kama ng'ombe wanaoingia josho. Tuliuita mlolongo. Mpinzani wa Mheshimiwa alikuwa tajiri wa malori, mtu wa wakubwa. Siku chache kabla, chifu alipita sokoni, akachukua andazi bila kuuliza bei.

"Mama, hili soko ni la serikali," akasema huku anatafuna. "Nitaangalia nani amesimama wapi."

Mama akageuza mandazi yake. "Angalia vizuri basi, chifu. Mimi ni mfupi."

Nyumbani baba hakucheka. "Kibanda kikienda, hawa watoto watakula picha ya mwalimu?" Mama aliendelea kukanda unga. Mimi nilijua kuogopa siku ile, maana tumbo langu lilikuwa kwenye kile kibanda.

Siku yenyewe, mwalimu mkuu alishika picha ya Mheshimiwa kifuani. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Watu walijazana katikati ya uwanja wakikuna vichwa, chifu na fimbo yake akizungukazunguka. Mara nikamwona mama anakaza leso kiunoni, anatembea peke yake kwenye ile nyasi tupu, anasimama nyuma ya picha. Nyanya akafuata. Wakaja wanawake wa ng'ambo ya mto, kisha wanaume, mpaka mlolongo wetu ukazunguka vyoo vya shule ukaingia kwenye mahindi. Baba alisimama kwa tajiri, macho chini. Mlolongo wao wote ungetosha kwenye kivuli cha paa moja.

Karani akahesabu. Akatangaza kwamba tajiri ameshinda.

Hakuna aliyetoka kwenye mstari wetu. Ndipo Mheshimiwa akaja, akaanzia kwa mama yangu, akamshika kila mtu mkono na kumtaja jina, mpaka wa mwisho kule kwenye mahindi. Hakuhutubia. Siasa zake zikaishia hapo. Alirudi kufundisha, shule ya mbali, akafa kimya, na gazeti halikuandika.

Kibanda kilibomolewa juma lile lile. Baba alienda kutazama mabati yakitupwa, akarudi amevimba uso kwa hasira. Mama akampakulia ugali kama kawaida. "Kula. Ukimaliza nijengee jiko pale kando ya barabara." Baba akajenga. Waliosimama nasi walikuja kununua wenyewe. Wa upande wa tajiri walituma watoto, na mama akawauzia hao pia, mandazi ya ukubwa ule ule.

Mlolongo uliondolewa, na heri uliondolewa, ulikuwa wizi wa mchana. Simtakii mtu chifu wa kumkodolea macho. Ila kuna kitu kiliondoka nao, na ndicho kinachonizungusha humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Leo watu wanaishi ukuta kwa ukuta, hapa mtaani kwetu Fereej Bin Mahmoud au kule nyumbani, na hujui mwenzako atasimama nawe au la. Sisi tulijua. Baba yetu tulijua alikosimama, watoto wote tulimwona, na tulikula naye sahani moja mpaka akazeeka.