Mbuzi wa Kaka Langoni Kwetu

Watu wakikwambia mke wangu ana kinyongo, wanakosea. Kinyongo mtu hukiweka rohoni. Mke wangu alikilea zizini, akakipa maziwa, akakifundisha kazi, kisha akamwachia kaka yangu akivute mwenyewe kwa kamba mpaka kwake.

Majirani humwita Mama Mluzi, kwa jinsi anavyoita wanyama wake. Tuna ekari mbili na kipande, mbuzi kumi na saba, kondoo tisa, na ng'ombe mmoja mkorofi asiyekubali kukamuliwa na mtu mwingine. Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko barabarani mbele ya lango letu. Zizi ni la mke wangu. Anaamka kabla ya jogoo, anafagia mavi, anakagua kwato za kila mbuzi, na akikuta jiwe limejichomeka analitoa kwa ncha ya kisu huku anatukana. "Mjinga kama aliyekuzaa," atasema, na huyo aliyezaa amesimama palepale anacheua.

Wenzetu wanachunga kwa fimbo, yeye anachunga kwa mbwa. Alikuwa na jike mmoja wa rangi ya majivu aliyemwita Karani, kwa sababu kila jioni alikaa langoni akitazama mbuzi wakiingia mmojammoja, na mmoja akikosekana haingii ndani mpaka amemleta. Sijapata kuona mfanyakazi wa namna ile, na mimi mwenyewe nimo kwenye hesabu.

Kosa la Karani lilikuwa kujua mpaka. Kaka yangu, tumbo moja mimi na yeye, shamba lake limepakana na letu. Mbuzi wake thelathini walikuwa hawajui shamba la nani linaishia wapi, na yeye akajifanya hajui vilevile. Kila wakivuka kuja kula majani tuliyopanda, Karani anawageuza. Siku moja beberu wa kaka akakaidi, akang'atwa mguu, akaanza kuchechemea. Baada ya wiki moja tukamkuta Karani kwenye ua, povu mdomoni, na kipande cha utumbo pembeni yake.

Sasa nisikufiche. Jioni ileile kaka alikuja kibandani kwangu bila baiskeli, akakalia tairi bovu, akaniambia, "Ni mimi. Sumu ya panya. Usiniumbue, mdogo wangu. Mke anapatikana, ndugu wa tumbo moja hapatikani."

Na mimi, mwanamume mzima na ndevu zangu, nikanyamaza. Nilienda nyumbani, nikachukua jembe, nikachimba shimo, tukamfukia Karani, na mke wangu alipolia nililia naye. Tena kilio changu kilikuwa cha kweli, ndicho kinachonitia uchungu zaidi.

Yeye alishajua ni nani. Alimfuata kaka akamwuliza mbele ya watu, kaka akaapa mbingu na ardhi, akasema mbwa wanaokota vitu majalalani na kama amekufa ni tamaa yake. Watu wakacheka. Mwanamke mzima anamlilia mbwa! Akarudi nyumbani macho makavu, akaniambia, "Sitaki anilipe. Sitaki aniombe msamaha. Nataka aseme kwa mdomo wake." Nikaitikia, "Sawa," huku nikijua kaka akifungua mdomo hatasema lake peke yake.

Karani alikuwa ameacha mtoto mmoja, jike, hata macho hajafumbua. Mke wangu akamtia zizini, akamnyonyesha kwa mbuzi mmoja mpole aliyefiwa na mtoto. Kitoto kikalala na mbuzi, kikanuka mbuzi, kikaamini ni mbuzi. Mke wangu akampa jina la Sisahau. Mwaka haukuisha, Sisahau akawa anarudisha kundi zima kwa mluzi mmoja. Chakula chake alikipata saa ileile kila siku, langoni, mbuzi wa mwisho akishaingia.

Wakati huo wezi walishamzoea kaka. Alipoibiwa kondoo wa nne akaja kwetu, amevaa shati safi, anatabasamu kwa meno yote. "Shemeji, yaliyopita si ndwele. Nipe huyo mbwa wako, wewe utalea mwingine."

Kila anayechunga kwa mbwa analijua hili: mbwa wa mbuzi unamchukua angali kipofu, afumbulie macho zizini kwako. Ukimchukua mkubwa, lazima umfunge kwako wiki sita, umlishe kwa mkono wako, mpaka asahau alikotoka. La sivyo umechukua mfanyakazi wa mtu. Kaka alilijua tangu utotoni, ila alikuwa na haraka, na alidhani mwanamke akipewa tabasamu anasamehe. Mke wangu akamfunga Sisahau kamba, akamkabidhi. "Mchukue, shemeji. Yuko tayari."

Niliona anachofanya. Ningeweza kumvuta kaka pembeni nikamwonya. Sikumwonya. Nilishachoka kumtunzia siri yake.

Kesho yake, jua linaelekea kuzama, niko kibandani naziba pancha, nikasikia vishindo. Mbuzi wa kaka wote, na beberu wake mchechemeaji nyuma, wanakuja barabarani wamepangwa vizuri, na Sisahau anawasukuma. Wakaingia lango letu. Sisahau akakaa chini kusubiri chakula chake. Mke wangu akampa, akafunga lango, akaendelea kukamua.

Kaka akafika anahema. "Shemeji, mbuzi wangu."

"Karibu. Wako salama." Hakusimama. "Kabla sijafungua, niambie. Karani alikufaje?"

"Mimi nitajuaje?"

"Haya." Akafungua lango.

Siku ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Malishoni kaka alikuwa anakimbia huku na huku akipiga kelele "Sisahau! Sisahau!" kwa sababu mbwa hakuitika jina jingine, na muuza maziwa alipomsikia alicheka mpaka akasimamisha baiskeli yake asimwage mzigo. Habari ikaenea. Ikifika jioni walikuwepo watu watano sita langoni, wamekuja eti kununua maziwa, na ndoo hawana.

Wiki ya pili kaka akamfunga mbwa nyumbani. Mbuzi wakaja wenyewe. Mke wangu alikuwa ametundika jiwe la chumvi zizini, wakalilamba, wakalizoea, nani angewazuia? Na usiku aliomfunga Sisahau, wezi wakachukua wawili. Akamfungua tena.

Kila jioni swali ni lile lile, sauti ni ile ile, haipandi haishuki. "Karani alikufaje, shemeji?" Naye, "Sijui." Na mimi nimesimama na spana mkononi, nimepata kitu cha kukaza kwenye baiskeli isiyo na kasoro. Mara mbili kaka alinitupia jicho. Mara mbili niliinama chini kutafuta nati.

Siku ya kumi na saba ilinyesha. Kaka akaja ameloa, kandambili moja imekatika, ameishika mkononi. Mbuzi wake walikuwa hawajakamuliwa tangu asubuhi, wanalia. Watu wamejibanza kwenye kibanda changu kukwepa mvua. Mke wangu akauliza swali lake.

"Mimi," kaka akasema. "Nilimwekea sumu. Umefurahi? Mimi nilimwekea sumu! Na mumeo anajua tangu siku ileile, mwulize huyo."

Hakuna aliyecheka. Mke wangu hakugeuka kunitazama. Alifungua lango, akawahesabu mbuzi wa kaka mpaka wa mwisho, akamfunga Sisahau kamba na kumtia kaka mkononi. "Mfunge zizini kwako wiki sita. Mlishe wewe, si watoto. Mtundikie mbuzi chumvi. Atakuwa wako." Kaka akapokea kamba, akaondoka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Wale wanunuzi wa maziwa nao wakaondoka mmojammoja, wananiaga kwa heshima niliyotamani wasinipe.

Nikabaki na yeye. Nikasema nililoweza, kwamba ni ndugu yangu, kwamba nilishikwa pabaya, kwamba nilitaka kusema kila siku. Alikuwa anasuuza ndoo. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Fundi," akasema, "kwamba ni yeye nilijua tangu mwanzo. Unadhani siku zote hizi nilikuwa namwuliza yeye?"

Nikamwokotea kifuniko cha ndoo.

"Nilikuwa namwuliza yeye, nakusubiri wewe. Jioni kumi na saba. Yeye adui yangu kasema, wewe mume wangu ulikuwa unatafuta nati." Akaifunika ndoo. "Yeye tumemalizana. Akaendelee na maisha yake. Wewe ndio kwanza tunaanza."

Huu ni mwezi wa tano tangu jioni ile ya mvua. Chakula napewa, nguo zangu zinafuliwa, na wageni wakija tunacheka nao. Lakini kila jioni nikifunga kibanda nakwenda zizini, nasimama mlangoni, naanza kueleza upya tangu kaka alipokalia lile tairi, bila kuruka kitu. Hajaniuliza hata mara moja. Anakamua, na akimaliza ananipita na ndoo yake.