Ramani Iliyokataa Jinja

Ramani ile niliikataa kabla sijaelewa ilikuwa inasema nini. Niliona Jinja imepakwa nyekundu na Mbale kijani, na mimi kwa miaka yangu yote ya barabarani najua nyekundu maana yake ni simama. Nikamwambia binti wa rafiki yangu aikunje arudi nayo alikotoka.

Lakini nianze mahali pa kuanzia. Siku hizi nachoka upesi, nikizunguka sana nitasahau nilikuwa naelekea wapi.

Mimi nilisoma madarasa matatu tu, na sioni haya kusema hivyo, maana waliosoma zaidi wamekuja kwangu kuomba kazi. Nilianza kwa kubeba magunia ya kahawa Mbale. Nikawa tanboi wa lori, yaani utingo, nikawa dereva, nikawa na lori langu, kisha mengine. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikiokota njiani, kwa madereva wa Kenya na kwa askari wa vizuizini, kwa hiyo kina vumbi kidogo. Anayetaka kilichofuliwa kikapigwa pasi atafute kwa mwingine.

Katika miaka ile nilinunua viwanja viwili. Kimoja kiko Jinja, kwenye mteremko unaotazama mto Nile. Kingine kiko Mbale, upande wa viwandani, nyuma ya magereji, ambako nilikuwa nalaza malori. Nilipouza malori, viwanja vikabaki vinaota majani. Ndipo rafiki yangu, afande mstaafu wa magereza, akaleta wazo lake: tujenge mahali pa watu kupumzikia nje. Kiwanja cha mpira, cha netiboli, njia ya kukimbilia chini ya miti, kamba za watoto kupanda, banda la chai. Yeye ni mtu wa kaskazini aliyeletwa Mbale kikazi akazeekea pale pale, mtaa wa Nkoma. Alisema amechunga watu ndani ya ukuta maisha yake yote. Sasa anataka kuchunga walio nje, na jioni akiwahesabu wakapungua asiitwe ofisini kujieleza.

Nguvu yetu ilitosha mahali pamoja, tena kwa kuuza kiwanja kile kingine. Hapo ugomvi ukaanza. Yeye alitaka Mbale. Mimi nilitaka Jinja, na si kutaka kwa mdomo. Nilitaka kama mtu anavyotaka maji.

Sababu yangu sikuwa nimemwambia mtu. Nilipokuwa tanboi tulikuwa tunafika Jinja asubuhi, na wakati lori linapakuliwa mimi nilikwenda kusimama kando ya ua mmoja wa michongoma, uliokatwa ukanyooka kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Ng'ambo yake kulikuwa na nyasi fupi, na watu wenye viatu vyeupe wakicheza, wengine wamelala tu kivulini mchana kweupe bila kuumwa. Sikuwa najua kwamba mtu mzima anaweza kulala chini hivyo na asiulizwe. Mlinzi alikuwa ananifukuza, wala si kwa ubaya, kama vile unavyofukuza kuku mlangoni. Nikaapa kwamba siku moja nitakuwa na nyasi zangu katika mji uleule. Siku hiyo sikuwa nimekula chochote. Nadhani ndiyo maana kiapo kile kilinikaa tumboni.

Afande akasema tusigombane kama wake wenza, binti yake atatuamua. Binti huyo amesomea GIS huko Kampala. Ni kazi ya kuchukua ramani nyingi za mahali pamoja na kuzipanga ndani ya kompyuta moja juu ya nyingine, kama mashuka kitandani: ramani ya miinuko, ya mafuriko, ya barabara, ya nyumba za watu. Halafu unaiambia kompyuta unatafuta mahali pa kufanyia nini, nayo inapaka rangi, kijani panapofaa, nyekundu pasipofaa. Nilikubali haraka, maana nilijua Jinja itashinda. Jumapili watu wanatoka kila upande kwenda Jinja kutazama mto. Sijaona mtu akitoka nyumbani kwake kwenda kutazama magereji ya Mbale.

Basi ndiyo hivyo, binti akaleta ramani, na Jinja nyekundu.

Nilimwambia kompyuta yake haina macho. Nikamtaka twende wote Jinja aone mwenyewe. Tukaenda. Kutoka barabara kuu tulichukua boda, boda ikatuacha njia ilipogeuka kuwa mawe, tukapanda kwa miguu. Kiwanja changu nilikuwa sijakikanyaga muda mrefu. Nilikikumbuka kina mteremko mdogo. Mteremko haukuwa umebadilika, nadhani. Magoti ndiyo yaliyobadilika. Katikati nilikaa juu ya jiwe, nikajifanya namwonyesha mto.

Mto kweli ulikuwa mzuri. Ule uzuri haukubishaniwa na mtu. Binti aliutazama kwa adabu, kisha akageuka kutazama upande wa pili, kwenye majumba.

Akaniuliza, "Baba, majirani hapa ni nani?"

Nikamwambia ni hoteli, na watu wenye mageti.

"Hao si wana nyasi zao tayari?"

Niligeuka nikaanza kuteremka. Tulirudi Mbale kila mtu anatazama dirisha lake. Nilikuwa nimekasirika, halafu karibu na Iganga hasira ikaniishia, nikabaki na maumivu ya mgongo tu. Katika umri huu hata hasira haidumu kama zamani.

Siku mbili tatu baadaye afande akaniita kwake Nkoma. Nilikuta binti ameweka vikombe vitano vya chai mezani, vitupu, na karibu navyo bakuli la punje za kahawa kavu. Akanieleza taratibu, bila kunidharau, hilo nampa. Alisema kompyuta haichagui kitu. Inafuata uzito ambao watu wameupa kila jambo. Uzito wa kwanza aliuweka yeye na baba yake; sasa ni zamu yangu. Kikombe cha kwanza ni ardhi tambarare. Cha pili ni usalama wa mafuriko. Cha tatu ni barabara ya kufikia. Cha nne ni watu wanaoweza kufika kwa miguu. Cha tano ni uzuri wa mahali. Nigawe punje jinsi moyo wangu unavyosema, yeye atahesabu na kuiingizia kompyuta.

Nikasema hiyo ndiyo kazi sasa. Kahawa naijua. Nikajaza kikombe cha uzuri mpaka punje zikamwagika, vingine nikavipa kidogo kidogo, kama mtu anayewapakulia wageni asiowapenda. Binti akaandika, akabonyeza. Jinja ikatoka nyekundu ikawa njano. Mbale bado kijani.

Nikachota kutoka tambarare nikapeleka kwenye uzuri. Njano. Nikachota kutoka barabara. Njano.

Afande alikuwa amekaa kwenye kochi amevua viatu, anatutazama. "Bwana," akasema, "hata wafungwa wangu hawakuhangaika hivi kutafuta njia."

Nikamwambia anyamaze. Nikachota kutoka kikombe cha nne, nikatazama, nikachota tena, mwisho nikakigeuza chote juu ya kile cha uzuri. Binti akahesabu, akabonyeza, na Jinja ikawa kijani. Kijani kizuri kabisa, kama nyasi zenyewe. Nikaegemea kiti. Nilikuwa nimeshinda.

Afande akanyoosha mkono mezani, akachukua kikombe kimoja, akakichungulia.

"Hiki umekimaliza. Naweza kunywea chai?"

Binti alicheka, nami nilitaka kucheka. Lakini nilikiangalia kile kikombe mkononi mwake na nikajua ni kipi. Sikuhitaji kuuliza. Wanaoweza kufika kwa miguu. Kumbe ili nipate nyasi zangu Jinja, nilipaswa kwanza kusema kwamba mtu wa miguu hana uzito, hata wa punje moja. Kompyuta ilikubali bila kunibishia. Ikapaka rangi, ikanyamaza, ikasubiri.

Nikamfikiria yule tanboi wa kando ya michongoma. Hakuwa na gari. Hakuwa na nauli. Nilijaribu kumtafutia kikombe kingine cha kumweka, sikukipata.

Nikamwambia binti, "Rudisha ile ya kwanza."

"Ya kwanza ipi, baba?"

"Ile iliyotugombanisha. Ya Mbale."

Afande akaniuliza kama nimeshindwa. Nikasema nimechoka. Akasema ni kitu kimoja. Nikamwambia si kitu kimoja, na kwamba ataelewa siku atakapofanya kazi ya kweli. Akaniletea chai katika kikombe kilekile. Niliinywa. Ilikuwa na harufu ya kahawa mbichi.

Kiwanja cha Jinja tulikiuza mwaka uleule. Aliyenunua amejenga ukuta mrefu, mto hauonekani tena kutoka njiani. Nilipita mara moja, sikushuka.

Na mahali petu Mbale papo. Sitakudanganya kwamba pamekuwa peponi. Upande mmoja wanachomelea vyuma mchana kutwa, upepo ukigeuka inakuja harufu ya mafuta machafu ya injini. Nyasi nilizootesha kwa mkono wangu hazikumaliza hata msimu mmoja. Wamezikanyaga zote, katikati ya kiwanja ni vumbi tupu, mvua ikinyesha ni matope. Mafundi wa magereji wanakuja na ovaroli zao saa ya chakula, wanalala chini ya miti kama watu waliopigwa risasi. Wanafunzi wa Nkoma wanakimbia jioni. Wake za askari wana netiboli yao, na wana matusi kuliko waume zao. Ua wa michongoma sikupanda. Wengi wananiuliza kwa nini, nami nawaambia sina nguvu ya kukata.

Jumapili bado naukumbuka mto. Hilo sikuliacha, na sioni kwa nini niliache.

Juzi nilikuwa nimesimama kando ya mstari nikiwatazama wakicheza, nimeegemea fimbo yangu, na pengine nilikuwa nimesinzia kidogo. Mchezaji mmoja, fundi wa matairi, mwenye mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, akanikimbilia akanigusa bega. Hakujua mimi ni nani.

"Muzee, sogea kidogo," akasema. "Unatuzibia kona."

Nikasogea.