Panya Aliyekuwa Chini ya Rangi

Wendell Haugen alipeleka barua kwa miguu miaka thelathini na mitatu katika vilima vya mji wa Duluth, Marekani, na alipostaafu macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Mtoto wa jicho, akasema daktari. Wakampasua jicho la kulia Januari, la kushoto Februari.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, alikwenda kwa rafiki yake Lyle Pekkala kama kawaida. Huko wazee wanne hukaa chumba cha chini, wakirusha dadu na kusogeza visanamu vya plastiki mezani: mashujaa, majitu, wachawi, kila kimoja kirefu kama kidole gumba, kimenunuliwa kikiwa kimeshapakwa rangi kiwandani. Wendell alimwinua mchawi wake karibu na taa.

"Lyle! Huyu macho yake yako kwenye nyusi!"

"Amekuwa hivyo miaka kumi na moja, bwana wee. Wewe ndiye ulikuwa huoni."

"Na mkanyamaza?"

"Ulikuwa unampenda sana. Tungeanzia wapi?"

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Wendell alicheka pia, ila moyoni aliona haya kwa niaba ya mchawi.

Kesho yake akaenda kwa Corinne, mwenye duka la michezo ya mezani, kuuliza jinsi ya kumpaka mchawi upya. "Rangi ya kiwandani huna haja ya kuibandua yote," Corinne alimwambia. "Mwoshe kwa sabuni ya vyombo, akauke, upake juu yake. Ila rangi uizimue kwa maji, mzee wangu. Iwe nyepesi kama maziwa."

Wendell hakulifuata neno hilo. Alianza na askari mmoja wa kujifunzia, akampaka rangi nzito kama siagi kwenye mkate. Uso wote ukamezwa.

"Ana matumbwitumbwi?" aliuliza Ardis, mkewe.

Wa pili akamzimulia rangi. Wa tatu vilevile. Alipoona mkono umetulia, ndipo akamchukua mchawi. Alimsugua kwa mswaki na maji ya vuguvugu, na donge la rangi lililokuwa kwenye mkoba wa mchawi likabanduka. Hakulijali. Akampitishia rangi ya kahawia iliyozimuliwa mno, karibu maji matupu, kisha akakaa kutazama.

Rangi ile ikajiendea yenyewe. Ikateremka kwenye mikunjo ya joho, ikatulia ndani ya mifereji ya ndevu, na ndevu zikatokea unywele kwa unywele. Kisha ikafika kwenye mdomo wa mkoba. Yakachomoza masikio mawili. Pua. Kiganja kimeshika ukingo. Panya, mdogo kuliko punje ya mchele, alikuwa anachungulia nje.

"Ardis! Njoo! Njoo upesi!"

"Umejikata?"

"Tazama kwenye mkoba."

Ardis akainama na kioo cha kukuza. "Mungu wangu," akasema taratibu. "Ana hata kucha, Wendell."

"Kuna mtu alikaa akamchonga. Halafu wakamfunika."

"Alijua kama kuna atakayemwona?"

Wendell akamrudisha mchawi kwenye meza ya rangi. Siku tatu alipita karibu na meza ile bila kuthubutu kushika brashi. Ya nne alizuia pumzi, akampaka panya kijivu, na kila sikio tone la waridi.

Jumapili alimweka mchawi mezani kwa Lyle. Lyle alikuwa anatikisa dadu. Mkono ukasimama hewani. Akaomba kioo cha kukuza. Kikazunguka kwa wote wanne, na hakuna aliyetia mzaha.

"Alikuwa humo siku zote?" Lyle akauliza, sauti ya chini.

"Siku zote."

Siku hiyo hawakucheza. Lyle alipanda jikoni na sanduku lake zima la visanamu, akafungulia maji ya moto, akagawa miswaki. Wazee wakajipanga kwenye sinki, mikono imejaa povu, viwiko vikigongana.

"Nyie, njooni!" Lyle akapaza sauti. "Huyu wangu amevaa pete!"